Shajara ya mradi: picha za bibi kwenye simu ya shangazi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Shangazi amepiga saa mbili asubuhi kutoka Pangani, kwa simu ya jirani. Nimemwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Alhamisi jioni mjukuu wake wa miaka tisa alitaka nafasi ya kushusha gemu. Akaingia kwenye picha na nyimbo, akachagua zote, akafuta. Humo mlikuwa na picha za bibi, mama yake shangazi, tangu simu iliponunuliwa 2016 mpaka bibi alipofariki 2021.

"Mwanangu, simwoni tena mama," ameniambia.

Nimemuuliza kwanza kama simu inawaka. Inawaka, tena ina bando, na usiku wote wa jana na juzi ilikuwa kwenye chaji. Nimemwomba jirani aizime pale pale. Asipigwe mtu picha, isifunguliwe WhatsApp, na asije kijana yeyote kuweka programu ya kurudisha picha. Picha iliyofutwa haihami pale ilipokuwa. Simu hufuta jina lake kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi, basi. Kinachoimaliza mara nyingi ni kitu kingine kuja kukaa juu yake. Simu ya shangazi iko kwenye magrupu manane, na mwezi huu wa Ramadhani salamu zenye picha zinaingia kutwa kucha, na kila moja inatafuta pa kukaa. Saa moja ya simu kuwa hewani inaweza kugharimu picha kumi za bibi.

Binti yake, dada yangu, ataniletea simu kesho kwa basi la kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Simu imefika, imefungwa ndani ya leso. Nimetoa laini na memori kadi kabla sijaiwasha, kisha nikaiwasha ikiwa haina mtandao wowote. Ni Android 6, yenye GB 16 ndani, na kadi ni ya GB 32.

Nimepita kwanza kwenye njia fupi, maana fundi anayeanza na programu kubwa kabla ya kuangalia pipa la taka anampotezea mtu muda. Galari ya simu hii ni ya zamani, haina pipa la taka. Ingekuwa Android 11 kuja juu, picha iliyopelekwa kwenye pipa hubaki pale pale kwenye folda yake kwa siku 30, imefichwa tu kwa jina linaloanza na .trashed-, na kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Google Photos nayo huweka kwenye pipa lake siku 60 zile zilizokwisha kuhifadhiwa mtandaoni. Akaunti ya shangazi ilifunguliwa na muuza duka siku ya kununua simu, na uhifadhi haukuwashwa hata siku moja.

Jambo kubwa la leo limetoka kwenye mipangilio ya kamera. Mahali pa kuhifadhi pameandikwa memori kadi. Nikamuuliza dada kadi ilinunuliwa lini. Akakumbuka: Idd ya 2018, yeye mwenyewe aliinunua hapa Tanga. Kwa hiyo picha za 2016 mpaka katikati ya 2018 zilikuwa kwenye memori ya ndani, na za kuanzia hapo zilikuwa kwenye kadi. Daftari langu nimeligawa kurasa mbili, KADI na NDANI, na nimemweleza dada ukweli mapema: kwenye kadi nina matumaini makubwa, ndani nina matumaini madogo sana. Alinyamaza kidogo, akaniuliza miaka mitatu ya kadi ni ipi. Nilipomwambia 2018 hadi 2021 akasema alhamdulillah, ndiyo miaka bibi aliyokaa kwao.

Kuna jambo jingine limetuokoa. Android 6 ndiyo iliyoleta chaguo la kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani. Mtu akilichagua, kadi hufungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu, na ukiichomeka kwenye kompyuta huambulii kitu. Kadi hii ilibaki kadi ya kawaida, mfumo wake wa kupanga faili ni FAT32.

Jumatatu, 10 Machi

Sheria yangu ni kwamba sifanyi kazi juu ya kadi yenyewe. Naivuta yote kuwa faili moja kubwa, baiti kwa baiti, pamoja na nafasi inayodaiwa kuwa tupu, kisha kadi inarudi kwenye bahasha. Kwenye Linux nimezima kwanza kile kitendo cha kompyuta kufungua kadi yenyewe inapochomekwa, maana kufungua tu kunaweza kuandika kitu. Kisha nikaandika amri ya kunakili:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Baiti bilioni 31.9 kwa kadi rida yangu ni kama nusu saa. Ilipofika asilimia 61 umeme ukakatika Ngamiani nzima, na betri ya laptopu yangu imechoka, haikai hata dakika kumi. Hapa ndipo ninapoipendea ddrescue kuliko dd, programu ya kunakili ya siku zote. Ile faili ya kadi.map ni ramani ya ilipofika. Umeme uliporudi baada ya futari nikaandika amri ile ile, ikaendelea palepale ilipoachia. Imemaliza ikiwa na vipande vinne tu visivyosomeka, vyote karibu na mwisho wa kadi.

Nimetengeneza nakala ya pili kwenye diski ya nje. Tangu sasa nikikosea nakosea juu ya nakala.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua nakala kwa TestDisk, programu ya kurudisha vilivyofutwa. Folda ya kamera ilionekana tupu, nikaomba ionyeshe vilivyofutwa, skrini ikajaa mistari myekundu. 20180616_091204.jpg. 20180616_091231.jpg. 20180616_174015.jpg. Dada alikuwa ameketi kando yangu, akaishika kingo ya meza. Hiyo tarehe ni Idd ya 2018, akasema.

FAT32 inapofuta faili hubadilisha baiti ya kwanza ya mstari wake kwenye orodha, inaweka E5, yaani "mstari huu uko huru". Jina refu, ukubwa, na fungu, yaani kipande cha kadi, ambako picha inaanzia vinabaki. Kinachopotea kabisa ni mnyororo, lile jedwali linalosema baada ya fungu hili nenda lile. Kwa hiyo TestDisk inajua picha ilianzia wapi na ilikuwa na ukubwa gani, ila inabidi ikisie kwamba ilikaa mfululizo.

Mistari ilikuwa 318. Nimeitoa yote na kuifungua mmoja mmoja. Picha 271 zimefunguka nzima. Nyingine 47 zimeharibika: juu picha, chini rangi ya kijivu, au juu bibi na chini ukurasa wa matangazo. Hizo hazikukaa mfululizo. Kadi ilikuwa imejaa, na simu ilizipachika kwenye mianya iliyobaki.

Tumempigia shangazi kabla ya tarawehe. Nimemwambia 271. Akasema, "Nipe moja tu leo nilale." Nimemtumia ile ya bibi anapepeta mchele uani, kwa simu ya jirani.

Jumatano, 12 Machi

Leo ni PhotoRec, programu nyingine ya kuokoa faili, ya Christophe Grenier kama ilivyo TestDisk, bure zote mbili. Yenyewe haijali orodha kabisa. Inapita kwenye nakala tangu mwanzo ikitafuta alama, na faili yoyote ya picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Ikiziona inaanza kuchota.

Nilifanya kosa la haraka, nikaielekeza kwenye kadi nzima. Ikachota pia faili ambazo hazijafutwa, na zile picha 47 zikatoka na ubovu ule ule. Nikaanza upya na kuchagua nafasi iliyo wazi tu. Tofauti ni kubwa mno, na wengi hawaitumii. Ikitazama nafasi wazi peke yake, inaruka faili zilizo hai, kwa hiyo picha iliyokatwa katikati na video ambayo bado ipo inaungana yenyewe, kana kwamba ile video haipo. Kati ya 47 zikapona 29. Na zimepatikana 22 mpya ambazo hazikuwa hata na mstari kwenye orodha.

PhotoRec haijui majina. Faili zinatoka f0384512.jpg na kadhalika, ile namba ikiwa ni mahali zilipokutwa kwenye kadi. Lakini kamera huandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, na exiftool inaweza kusoma hiyo na kuzipa majina ya tarehe. Nimefanya hivyo, kisha nikaondoa marudio.

Hapa nimesimama kidogo kwa jambo ambalo mafundi hatulisemi kwa sauti. Programu hii haichagui. Imerudisha picha za bibi, na imerudisha pia kila picha nyingine ambayo mtu wa nyumba ile aliwahi kuifuta kwa kutaka kwake, miaka yote saba. Nilipoona vijipicha vinaanza kuwa vya chumbani na vya hati za hospitali, nimegeuza laptopu ikamwangalia dada, nikatoka nje. Amechagua yeye, na zilizobaki nimezifuta mbele yake. Mteja ananipa simu yake kwa ajili ya kitu kimoja, hajanipa maisha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwapo, huyu ni shangazi yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Zimebaki 18 mbovu. Leo nimeshughulika na moja tu tangu adhuhuri mpaka karibu na daku, na sijutii.

Ni 20190714_101522.jpg. Juu kuna ukuta wa udongo na jua la asubuhi, kichwa cha bibi kimefungwa kanga, macho yameinama. Kuanzia kidevuni ni kijivu kitupu. Kipande cha ukili, ule ukanda wa kusuka wa kushonea mkeka, kinaonekana kikipotea ndani ya ule ukungu, na mikono haipo. Dada anaikumbuka siku hiyo: bibi alikuwa anamfundisha kuanza ukili, na ndiyo picha pekee ya mikono yake akiwa kazini.

JPEG husomwa kama hadithi, kila kipande kinategemea kilichotangulia. Data ikivurugika mahali, vyote vya chini yake vinaharibika hata kama vipo salama kwenye kadi. Kwa hiyo ile kijivu haikunithibitishia kwamba mikono imefutika. Ilinionyesha tu kwamba hapa njia imekatika.

Kadi imegawanywa mafungu ya baiti 32,768, na faili haiwezi kukatika ila kwenye mpaka wa fungu. Nimefungua picha kwenye kihariri cha baiti na kupita mpaka hadi mpaka. Ndani ya data ya JPEG, baiti ya FF lazima ifuatwe na 00, au na alama chache zinazojulikana. Mpaka fungu la 46, yaani baiti 1,507,328, kila FF ilikuwa na 00 yake. Fungu la 47 likaanza na mambo mengine: FF FB 90, kisha baiti mia nne na kitu, halafu FF FB 92. Nikahesabu nafasi kati yake, 417, 418, 418. Hiyo si picha. Ni MP3 ya kilobiti 128, na hivyo ndivyo fremu zake zinavyopangika. Nikaichota nje na kuicheza. Kaswida. Ilikuwa imekaa hapo kabla ya picha kupigwa, simu ikaandika nusu ya kwanza ya bibi mbele yake na nusu ya pili nyuma yake, kisha Alhamisi ile mtoto akafuta vyote viwili. Ndiyo maana PhotoRec haikuruka. Kaswida nayo ilihesabiwa nafasi wazi.

Kwa hesabu yangu kaswida ilichukua mafungu 103. Nikachukua mafungu 46 ya kwanza ya picha, nikaruka yale 103, nikaunganisha yanayofuata.

Jaribio la kwanza lilitoa picha, lakini kuanzia kidevuni kila kitu kilikuwa cha kijani, na bibi kasogea pembeni. Hiyo ni ishara nzuri. JPEG huandika mwanga wa kila kijisanduku kama tofauti na kilichotangulia, kwa hiyo ukikosea kiungo rangi yote ya chini inapotoka. Maana yake nilikuwa karibu. Nimepunguza fungu moja, maana nilihesabu kipande cha mwisho cha kaswida mara mbili.

Ikafunguka.

Mikono ipo. Kidole gumba cha kulia kimepinda kwenye kiungo cha juu, kimeingia rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha kwa ajili ya miyaa, yale majani ya kusukia, iliyotiwa rangi. Ukili umelala juu ya paja, umefika upana wa vidole vitatu, na miyaa minne bado imesimama haijasukwa. Pembeni kuna bakuli la maji ya kulowekea. Rangi za ukuta zimeshuka kutoka juu hadi chini bila mstari hata mmoja.

Dada alikuwa amelala kwenye mkeka. Nimemwamsha ale daku na nikamwonyesha. Ameitazama muda mrefu. Halafu akasema ule mwaa wa tatu bibi ameukunja kinyume, na kwamba miaka yote hii yeye alikuwa anaukunja vibaya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeunganisha nyingine mbili kwa njia ile ile, nazo zilikatwa na kaswida nyingine. Jumla ya nzima kutoka kwenye kadi sasa ni 325. Zimebaki 15.

Ukurasa wa NDANI. Nimeuchelewesha kwa makusudi, kwa sababu naujua ulivyo. Simu ikiungwa na kompyuta kwa waya hairuhusu kompyuta kuigusa memori yenyewe, inatoa orodha ya faili zilizo hai tu. Kuifikia memori ghafi kunahitaji kufungua kufuli la kuwashia simu, na kufungua kufuli hilo kunafuta kila kitu cha mtumiaji. Na hata ningefika, tangu Android 4.3 ya 2013 simu ikitulia ikiwa na chaji ya kutosha hupitisha usafi: inaiambia memori ni mafungu yapi hayana mwenyewe tena, nayo inayakomba. Simu hii ililala kwenye chaji usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa. Kadi haikuguswa na usafi huo. Usafi huo umetengenezewa memori ya ndani.

Kwa simu zilizotoka na Android 10 na kuendelea mlango umefungwa zaidi, maana data zote ndani ni lazima zifungwe kwa ufunguo. Fundi anayekuahidi kurudisha picha zilizofutwa kabisa kutoka ndani ya simu ya namna hiyo, muulize anazitoa wapi. Zile programu za dukani zenye ahadi hiyo nyingi zinakusanya vijipicha ambavyo simu bado inavyo, na wakati wa kujishusha zinakalia nafasi ile ile unayotaka kuiokoa.

Ila vijipicha si vya kudharau. Kwenye DCIM, ndani ya folda iliyofichwa .thumbnails, galari ilikuwa imejiwekea nakala ndogo za picha ili ifungue haraka, na mtoto alipofuta picha hakuna aliyezifuta nakala. Zilikuwa 133 za ndani, upana pikseli 512. Kwenye skrini ya simu uso wa bibi unatambulika kabisa. Kwenye karatasi hazitazidi ukubwa wa kiberiti.

Jumamosi, 15 Machi

Njia ya mwisho ya NDANI imekuwa watu. Shangazi alikuwa akizituma picha kwenye grupu la ukoo. Hapa Tanga wote tumekwisha kubadilisha simu. Kaka yetu aliyeko Muscat yeye huhamisha picha zake kwenye kompyuta kila mwaka, na ametupatia 38 za 2016 na 2017. Nimemwomba azitume kama faili, asizitume kama picha, zisibanwe mara ya pili. WhatsApp ilikwisha kuzipunguza zilipotumwa mara ya kwanza hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, na tarehe ya ndani imeondolewa, kwa hiyo siku iliyoko kwenye jina ni siku ya kutumwa. Kati ya hizo moja ina babu. Shangazi hakuwa anakumbuka kwamba ipo.

Vyote viko kwenye folda tatu: kadi, vijipicha, Muscat. Nakala moja diski ya nje, moja kwenye kadi mpya ya shangazi, moja mtandaoni kwa akaunti mpya ambayo dada anaijua nywila yake. GB 15 za bure zinatosha kwa sasa, na nimeweka zipande kwa Wi-Fi tu zisile bando.

Shangazi ameniomba nizichapishe nne kubwa. Tatu nimemkubalia. Ya nne ni ya vijipicha, bibi akiwa kwenye ngalawa mwaka 2017, na nimemweleza kwamba nikiikuza uso wake utakuwa vijisanduku. Amesema basi iwe ndogo hivyo hivyo, ataitia kwenye msahafu wake.

Kadi ya zamani iko kwenye bahasha, imeandikwa tarehe, wala isitumike. Zile 15 nitazirudia baada ya Idd. Mbili kati yake nashuku mwendelezo wake uko nyuma, mafungu ya kabla ya mwanzo wa picha, kwa sababu simu ilipofika mwisho wa kadi ilirudi kutafuta mianya mwanzoni.